Tahadhari: muuzaji wa mabawa ya nyuma ya "kilo 200 za mgandamizo"

Wadau wa magari ya saketi (njia za mashindano), kuna muuzaji anazunguka mtandaoni na tangazo la bawa la nyuma: "kaboni halisi, kilo 200 za mgandamizo, linafaa gari lolote". Mgandamizo ni nguvu ya hewa inayolisukuma gari chini ili tairi zishike barabara. Akaunti hubadilika jina kila watu wanapoanza kumsema, ila picha ni zilezile. Nimeletewa magari yaliyofungwa mabawa yake, nikayafungua mwenyewe, kwa hiyo siandiki ya kusikia.

Muulize kilo 200 hizo ni kwa mwendo gani. Ukimbana sana atajibu "hata kwa kilomita 100 kwa saa", na hapo ndipo anapojifunga. Mwendo ukiongezeka mara mbili, mgandamizo huongezeka mara nne, kwa hiyo namba ya kilo isiyotajiwa mwendo haina maana yoyote. Bawa la ukubwa anaouza, urefu mita 1.5 na upana sentimita 25, likipata hewa safi na kufanya kazi vizuri, kwa kilomita 100 kwa saa litakupa kilo 25 hadi 30 hivi. Kwa 200, utapata kilo 100 na ushei. Ili atimize ahadi yake, bawa hilo lingepaswa kuwa kubwa karibu mara saba! Grafu anayowatumia watu imekatwa mahali penye namba za mwendo. Sidhani ni bahati mbaya.

Hela ikipotea inauma, lakini kinachonitisha zaidi ni ushauri anaoutoa bure. Anawaambia wateja walirudishe bawa nyuma kabisa, "ndiyo nguvu inaongezeka". Umewahi kupakia gunia mwisho wa keria ya baiskeli, gurudumu la mbele likaanza kuelea? Ndicho kinachotokea. Chukua gari lenye mita 2.5 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na bawa linalosukuma kilo 100 likiwa nusu mita nyuma ya ekseli ya nyuma. Ekseli hiyo inaongezewa kilo 120, ya mbele inapunguziwa 20. Bado ukinzani wa hewa: bawa likivutwa nyuma kwa kilo 20, likiwa mita 1.2 juu ya ardhi, mbele panatoka karibu kilo 10 nyingine. Jumla ni kama kilo 30 zilizoondoka kwenye tairi zinazokata kona, tena pale unapokwenda kasi. Kwenye kona za taratibu huoni tofauti yoyote. Kwenye kona ya kasi unakata usukani, na pua inaendelea mbele tu.

Mteja akilalamika, jibu ni "ongeza pembe", yaani liinamishe bawa zaidi. Bawa la kipande kimoja likipita nyuzi 15 hivi, hewa huachana na tumbo lake. Mgandamizo unapungua, ukinzani unapanda. Dawa ni kulilaza bawa, kulisogeza mbele, au kufunga splita ya mbele (ubao bapa chini ya bampa) ili pua nayo ipate sehemu yake. Mhandisi na dereva Michael May alipofunga bawa kwenye Porsche 550 mwaka 1956, aliliweka juu ya dereva, karibu na kitovu cha uzito. Huyu wetu anauza mkia peke yake.

Halafu miguu inayolishikilia bawa. Ni bati jembamba la alumini, na skrubu zinauma ngozi ya buti tu, bila sahani ya kuzishikilia kwa ndani. Mwaka 1969 huko Montjuïc, Uhispania, mabawa ya magari ya Lotus ya madereva Graham Hill na Jochen Rindt yalivunjika katika mbio zilezile, wote wawili wakapata ajali, na mabawa marefu ya aina ile yakapigwa marufuku mwezi huohuo. Ile ilikuwa timu ya Formula 1 yenye wahandisi wake.

"Kaboni" yake ni faibaglasi iliyovishwa plastiki yenye michoro. Sugua kidogo ndani ya tundu la bolti mpaka nyuzi zionekane, kisha gusa kwa mita ya umeme: kaboni hupitisha umeme, faibaglasi haipitishi.

Malipo anataka yote kabla, nje ya mfumo wowote wenye ulinzi wa mnunuzi. Ukidai kurudishiwa, anakufungia.

Kama umeshanunua, hifadhi mazungumzo na risiti, ripoti kwa benki au kampuni ya malipo mapema, maana muda wa kudai huwa mfupi. Kama limeshafungwa, lishushe kabla ya kurudi saketi. Usijaribu kuliokoa kwa kubadilisha bolti. Niliyoyakagua yalikuwa na nyufa pale mguu unaposhikana na bawa, chini ya plastiki, mahali usipoweza kuona bila kuibandua.