Kondo (jengo la fleti za kuuza) iitwe Tuscany au Kasa Luntian?

Taguig, hapo hapo Metro Manila, kuna mtaa unaitwa McKinley Hill, ndani yake kuna kondo zinaitwa Tuscany na mol ya Venice yenye mfereji na gondola kabisa, jamaa anapiga kasia anawaimbia watu huku wanajipiga selfi, yaani Italia nzima kwenye joto la Ufilipino. Sawa, jina kama hilo linauza, Mfilipino anayehangaika Dubai akiona tangazo anajiona kashafika.

Upande wa pili, kwenye mji wa Tagaytay, huko huko Ufilipino, kuna kondo ya Kasa Luntian, yaani nyumba ya kijani, jina hilo la kwao (kasa, nyumba, limetoka Kihispania ila wameshalizoea, si hata majina ya ukoo waligawiwa na Mhispania kwa amri ya 1849). Halina mbwembwe, mi ningechukua hili.

Ila kinachonikera kuliko Tuscany ni hilo jina la McKinley, rais wa Marekani aliyewachukua kutoka Hispania 1898, kambi ya jeshi ya pale ilibeba jina lake, wakalifuta wakaweka Bonifacio, shujaa wao wa mapinduzi, halafu wauza nyumba wanalirudisha tena! Bora Tuscany, Waitaliano angalau hawakuwatawala.