L28 ndani ya Datsun 240Z: uzoefu wangu wa kubadilisha injini ya silinda sita

Kwa mwenye Datsun 240Z ambayo L24 yake, yaani injini iliyotoka nayo kiwandani, imechoka, inakula oili, inatoa moshi kwenye kifuniko cha juu na presha haipandi hata valvu zikipimwa upya, mimi napendekeza L28, ndugu yake mkubwa wa familia ile ile ya injini. Nimeitumia Nairobi na kwenye mteremko wa kwenda Mombasa. Sijaona injini nyingine ya silinda sita inayoingia kwenye gari hili kwa usumbufu mdogo kiasi hiki. Injini yenyewe haina siri. Watu hukosea kwenye vitu vidogo vinavyoizunguka, na hivyo ndivyo nitakavyovieleza zaidi.

Kwanza hesabu ya hewa. L24 ina cc 2393: kipenyo cha silinda mm 83 na mwendo wa pistoni mm 73.7. L28 ina cc 2753, yaani mm 86 kwa mm 79. Ni ongezeko la asilimia 15. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na hewa huko ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 ukilinganisha na Mombasa. Kwa hiyo L28 ikiwa Nairobi inavuta karibu hewa ile ile ambayo L24 inavuta ikiwa pwani. Anayelalamika kwamba 240Z yake ni nzito kupanda Limuru mara nyingi hana injini mbovu, ana injini ndogo kwa mwinuko ule. Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda Safari Rally ya 1971 kwa 240Z, Shekhar Mehta na Lofty Drews wakashinda ya 1973, lakini zile zilikuwa injini zilizoandaliwa kwa mashindano, si L24 ya dukani yenye miaka hamsini.

Si kila L28 ni sawa. Namba ya injini imegongwa kwenye ukingo wa bloku, nyuma upande wa kulia, pale bloku inapokutana na hedi, yaani kichwa cha injini chenye valvu. Alama ya aina ya hedi, kama N42, imesubiwa upande wa plagi. Zile za 1975 hadi 1980 zina bloku ya N42 na pistoni zenye bakuli juu. Hedi ni N42 na baadaye N47, na mgandamizo wa N42 na N42 ni 8.3 kwa 1. Za 1981 hadi 1983 zina bloku ya F54 na pistoni bapa, na hedi ya P79 inatoa 8.8 kwa 1. Mtego uko hapa: ukichukua bloku ya F54 yenye pistoni bapa ukaifunika na hedi ya N42, ambayo chumba chake ni kidogo, mgandamizo unapita 10 kwa 1. Nairobi gari linakimbia vizuri na fundi anasifiwa. Ukishuka hadi Mtito Andei hewa imeshakuwa nzito na jua kali, injini inaanza kugonga ukiikanyagia mlimani, na pistoni huvunjika kingo kimyakimya. Kama gari linakwenda pwani, chukua N42 kwa N42, au F54 na P79 yake. Mimi nachagua N42 kwa N42 kwa sababu tundu zake za ekzosti ni za mraba na hazina mikebe ya chuma ndani kama N47 na P79, hivyo ekzosti ya zamani inakaa bila matata.

Ukienda kununua, beba geji ya presha ya silinda. Vitabu vinasema injini nzuri inapiga psi 160 hadi 180, lakini namba hizo ni za usawa wa bahari. Nairobi injini ile ile nzima itakuonyesha karibu 140. Nimeona watu wakikataa injini nzuri kwa kutojua hili, na wengine Mombasa wakikubali 140 ambayo kule ni uchovu. Cha kuangalia zaidi ni tofauti: plagi zote nje, kabureta wazi kabisa, betri yenye nguvu, na silinda moja isipishane na nyingine kwa zaidi ya psi 20. Kisha fungua kifuniko cha juu upitishe ukucha kwenye kila jicho la kemshafti, ile nundu inayosukuma valvu. Jicho zima linateleza kama kioo. Lililoliwa lina ukingo mkali, na pua yake imekuwa bapa. Zile za zamani zina bomba jembamba linalomwagia kemshafti oili, na likiziba tundu moja tu, jicho lile moja linakufa peke yake. Za baadaye oili inapita ndani ya kemshafti. Usichanganye: kemshafti isiyo na tundu ndani bila bomba juu haimalizi wiki.

Angalia pia njia za maji. Hedi ni ya aluminiamu juu ya bloku ya chuma, na gari lililotiwa maji ya bomba miaka yote huwa limeliwa kuzunguka matundu ya maji. Weka rula ya chuma. Feela (kibapa chembamba cha kupimia nafasi) ya mm 0.1 ikipita chini yake, hedi inahitaji mashine. Kimo cha hedi mpya ni karibu mm 108. Kila inapokatwa cheni inalegea na taimingi ya kemshafti inachelewa. Ndiyo maana gia ya kemshafti ina matundu matatu yaliyoandikwa 1, 2 na 3: unahamia la pili au la tatu kurudisha taimingi. Hedi iliyokatwa sana inahitaji vipande vya kuinua minara ya kemshafti.

L28 iliwekwa pia kwenye Nissan Patrol 160, na hizo bado zinapatikana Afrika Mashariki. Bloku inafaa kabisa, ila sampu, bakuli la oili chini ya injini, ina umbo lingine kwa sababu ya ekseli ya mbele. Hamisha sampu ya 240Z pamoja na bomba lake la kunyonya oili. Ukihamisha sampu peke yake bomba litagusa chini au litabaki hewani. Injini iliyotoka kwenye gari la otomatiki haina bushi ya shaba mwishoni mwa krenki, ile inayoshika ncha ya shafti ya gia boksi. Ipige mpya kabla ya flaiwili, na tumia bolti za flaiwili ya manyuo, si zile za otomatiki, urefu wake ni tofauti.

Mikono ya mauntini ya 240Z, ile inayoishikilia injini kwenye gari, inaingia kwenye matundu ya L28 bila kuchomelea chochote. Injini za injeksheni hazina pampu ya petroli inayosukumwa na injini yenyewe kama ya kabureta: toa kibao kinachoziba tundu lake kwenye hedi, na uhamishe ile pete ya mviringo isiyo sawa inayofungwa mbele ya gia ya kemshafti, la sivyo pampu haitasukumwa. Gasketi ya manifoldi ni moja kwa upande wa kuvuta na wa kutoa, na baadhi ya washa nene zinakandamiza pande zote mbili kwa pamoja. Pima unene wa masikio ya manifoldi zote mbili. Yakipishana, washa inalala upande na gesi inavuja kwa mlio kama wa kerengende.

Klachi ndiyo inayorudisha gari chini mara nyingi kuliko kitu kingine. Kola inayobeba beringi ya klachi huja kwa urefu mbalimbali, na lazima ilingane na presha pleti, si na gia boksi. Kabla ya kufunga gia boksi, weka kola na beringi juu ya presha pleti iliyofungwa, upime kutoka uso wa flaiwili hadi pale uma unapogusa kola. Iwe karibu mm 92. Ikiwa fupi klachi haikati. Ikiwa ndefu inateleza.

Ukitoa hedi na injini ikiwa ndani ya gari, cheni ya taimingi lazima izuiwe kwa kabari ya mbao iliyofungwa kamba, ikipigwa katikati ya pande mbili za cheni kabla ya kufungua gia. Bila kabari, tenshena inayokaza cheni inaruka nje, na hairudi mpaka uvue kifuniko cha mbele. Bolti za hedi ni 14. Zikaze kwa hatua tatu kutoka katikati kwenda nje, mwisho Nm 69 hadi 83.

Shafti inayozungusha pampu ya oili na distributa hukaa vibaya mara nyingi. Silinda ya kwanza ikiwa juu kwenye mgandamizo, ulimi wake ukiutazama kutoka juu uwe kama mikono ya saa kwenye 11:25, nusu ndogo ikielekea mbele. Ukikosa jino moja, distributa haina nafasi ya kutosha kuzungushwa. Mpangilio wa kuwaka ni 1-5-3-6-2-4. Valvu zikiwa baridi ni mm 0.20 za kuvuta na 0.25 za kutoa. Kabla ya kuwasha, jaza pampu oili, toa plagi, uzungushe kwa starta mpaka geji ya oili ipande.

Kabureta za 240Z zinailisha L28 vizuri. Anza na nati za chini mizunguko miwili na nusu, kisha rekebisha Nairobi. Mchanganyiko uliopatana Nairobi utakuwa na petroli kidogo mno pwani, kwa hiyo fungua robo mzunguko ukishuka. Distributa ya elektroniki ya 280ZX, gari la baadaye la ukoo huu, inaondoa tatizo la pointi, ila ihamishe pamoja na kibao chake cha chini.

1JZ ya Toyota na RB25 ya Nissan ni injini nzuri na 1JZ za Mark II zinapatikana, lakini zinadai mauntini za kutengenezwa, waya upya, propela shafti nyingine na difu imara kuliko R180 ya 240Z. Hilo ni gari jingine.

Badilisha namba ya injini kwenye logbook, au kadi ya gari kwa Tanzania. Na usiiuze L24. Itie kijiko cha oili kila silinda, ziba matundu yote, na uizungushe krenki kwa mkono kila mwezi, ikiwa juu ya stendi na si sakafuni.