ProjectLibre kwenye mjengo mkubwa: maoni ya mratibu wa saiti

Mimi ni mratibu wa kazi kwa mkandarasi wa wastani hapa Nairobi. Saiti yetu ya sasa ni jengo la ghorofa tisa, Kilimani. Siku ya kawaida utakuta mafundi wa vyuma, wa mabomba, wa umeme, wa plasta na wa madirisha, kila kundi na nyapara wake, na wengi wao wanatoka kampuni ndogo ndogo tofauti. Mpango wa kazi yote hiyo nimeuweka ndani ya ProjectLibre, programu ya kompyuta ya kupanga ratiba za miradi, na naipendekeza kwa yeyote anayeratibu watu wengi namna hii, ingawa kuna jambo moja kubwa ambalo haiwezi.

Ni programu ya bure, ya chanzo huria (yaani msimbo wake uko wazi kwa yeyote), iliyotoka mwaka 2012. Inakaa kwenye kompyuta yenyewe wala haihitaji intaneti. Ofisi yetu ya saiti ni chumba cha mabati; stima hupotea na bando huisha, lakini laptopu ikiwa na chaji kazi inaendelea. Pia hufungua mafaili ya Microsoft Project, programu ya kulipia ya kazi hiyohiyo, ambayo ndiyo washauri wa mwenye jengo hututumia.

Kinachonifanya niishikilie ni jinsi inavyofunga kazi moja kwa nyingine. Kwenye orodha, mbele ya kila kazi, unaandika namba ya ile inayoitangulia, na ukitaka unaongeza siku za kusubiri katikati. Plasta lazima ikauke kabla ya rangi. Mabomba na paipu za waya zipite ukutani kabla ya plasta. Slabu ikimwagwa, nguzo za muda zinazoishikilia kutoka chini haziondolewi kesho yake. Konkriti hupimwa nguvu siku ya 7 na ya 28, na mpango unapaswa kuliheshimu hilo. Ukishafunga hivi, programu yenyewe inakokotoa tarehe, kisha inapaka rangi nyekundu zile kazi ambazo zikichelewa hata siku moja, jengo zima linachelewa. Zinazobaki zina nafasi ya kupumua. Hesabu hiyo ilibuniwa Marekani mwishoni mwa miaka ya 1950 na watu wa kampuni za DuPont na Remington Rand, waliokuwa wakipanga kazi za viwandani, na hadi leo sijaona njia bora ya kujua nani asukumwe na nani aachwe afanye kazi yake kwa utulivu.

Muuzaji mmoja wa madirisha ya alumini alipotuambia mzigo wake utachelewa wiki mbili, kila nyapara alianza kusema kazi yake imekwama. Nilibadilisha tarehe ile moja tu, mbele yao wote. Rangi na sakafu za mbao zikasogea papo hapo, kwa sababu haviwezi kufanywa mvua ikiwa inaingia. Plasta ya korido haikusogea. Shimo la lifti halikuguswa kabisa. Nyapara wa rangi akaangalia kioo, akasema, "Kumbe, madam, vijana wangu wasije Jumatatu." Akawapigia simu palepale wakatafute kibarua kwingine, badala ya kulipa nauli waje kukaa bure. Mtu wa mkono kwa mdomo akijua mapema kwamba hakuna kazi, umemheshimu. Kwangu hiyo ndiyo faida kubwa kuliko michoro yote.

Sasa udhaifu. Toleo hili la kompyuta ni la mtu mmoja. Hamuwezi kufungua faili moja watu watano mkaandika pamoja, na nyapara hawezi kutia alama kwa simu kwamba amemaliza. Kwa timu iliyotawanyika, kwa mfano ya waandishi wa programu, Jira au Trello, ambazo ni zana za mtandaoni za kugawana kazi, zitafaa zaidi. Sisi tunaziba pengo hilo kwa mazoea: jioni manyapara hunitumia picha na maelezo kwa WhatsApp, mimi naingiza asilimia iliyokamilika ya kila kazi, na Jumamosi natoa PDF ya wiki mbili zijazo, nachapisha kwenye karatasi ya A3 na kuibandika mlangoni mwa stoo. Watu huisoma zaidi ya nilivyotarajia. Sura ya programu nayo ni ya kizamani, vitufe vidogo vimesongamana, lakini hilo mtu huzoea.

Ukiipakua, anza na kalenda kabla hujaandika kazi hata moja. Inakuja ikidhani watu hufanya kazi Jumatatu hadi Ijumaa, ilhali mjengo wa Nairobi hauachi kazi Jumamosi. Weka na sikukuu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Kazi za kuchimba na za paa usizibane sana kati ya Machi na Mei. Mimi huziongezea siku kabisa kwenye mpango, kwa sababu mvua ya masika ikishajaza shimo la msingi, pampu na matope hula siku ambazo mwenye jengo hatakurudishia.