Kutoka wati 1200 za kwenye boksi hadi wati 45 za kweli

Amplifaya yangu ya kwanza ilikuwa na kibandiko kikubwa usoni: wati 1200 PMPO, yaani nguvu ya kilele cha papo hapo. Niliinunua kwa sababu ya namba hiyo, sikutazama kingine. Miezi michache baadaye tulikuwa na sherehe nyumbani, nikaongeza sauti ikavuka nusu. Ngoma zikaanza kupasuka, mwimbaji akawa anasikika kama anaimba ndani ya debe. Kabla usiku haujaisha, twita (kispika kidogo cha milio ya juu) ya spika ya kushoto ilikuwa imekufa. Nikalaumu spika.

Fundi niliyempelekea hakuanza na spika. Aliigeuza amplifaya akanionyesha maandishi madogo karibu na waya wa umeme: 65W. "Kaka, kitu kinachokula wati 65 kitatoaje 1200?" Namba hiyo ya nyuma si kipimo kamili, kwa sababu watengenezaji wengi huipima amplifaya ikipiga kiasi, si ikiwa imefunguliwa hadi mwisho. Lakini pengo kubwa kama lile haliwezi kuelezwa hivyo. Amplifaya haizalishi umeme. Inachukua ule wa ukutani, sehemu inapotea kama joto, na kinachobaki ndicho kinachosukuma spika. Fundi aliikadiria yangu kuwa na wati 15 kila upande, labda 20. PMPO haina kanuni moja inayokubalika ya kuipima, kwa hiyo kila mtengenezaji anaweza kuandika atakacho.

Akanieleza pia kilichoua twita, na hapo ndipo nilipoanza kuelewa. Amplifaya ikiombwa zaidi ya uwezo wake, wimbi la sauti linakatwa kileleni, linakuwa bapa. Kule kukatwa kunazaa milio mingi ya juu ambayo haikuwemo kwenye muziki. Milio ya juu njia yake ni twita, na waya wa ndani ya twita ni mwembamba mno. Ukizidi kuongeza sauti, vilele haviendi popote, ila sauti ndogo zinapanda na joto linapanda nazo. Kwa hiyo amplifaya dhaifu iliyokamuliwa inaweza kuunguza spika ambazo amplifaya yenye nguvu zaidi isingezidhuru.

Safari ya pili niliomba karatasi ya vipimo kabla ya kutoa pesa. Amplifaya mbili zilibaki mezani. Moja iliandikwa wati 100, kwa herufi kubwa. Chini yake, kwa herufi ndogo: omu 6 (ukinzani wa spika), hezi 1,000 (mitetemo kwa sekunde), THD 10%, chaneli moja (upande mmoja, kushoto au kulia) ikifanya kazi. Ya pili iliandikwa wati 45 kwa kila chaneli: omu 8, hezi 20 hadi 20,000, THD 0.08%, chaneli zote mbili zikifanya kazi kwa pamoja. Nilichukua ya pili, na leo ina miezi minane sebuleni.

THD ni kipimo cha uchafu ambao amplifaya inauongeza yenyewe. Ukiipa mlio wa hezi 1,000, inatoa na milio midogo ya hezi 2,000, 3,000 na kuendelea. Kwenye 10% wimbi limeshakatwa waziwazi. Ile ni sauti ya usiku wa sherehe yangu. Ukiishusha amplifaya hiyohiyo hadi 1%, wati zake hupungua kwa takriban robo. Kipimo cha hezi 1,000 peke yake nacho kinaficha besi, na besi ndiyo inayokula umeme. Chaneli moja ikipimwa peke yake inajichukulia transfoma nzima. Omu zikishuka, wati kwenye karatasi zinapanda. Marekani iliweka kanuni ya mambo haya mwaka 1974: anayetangaza wati za amplifaya ya nyumbani alitakiwa ataje na omu, masafa ya sauti na THD yake. Wati zisizo na masharti hayo mimi sizisomi tena.

Lakini msije mkakimbilia upande wa pili. Muuzaji alinionyesha na nyingine ya THD 0.008% kwa bei ya juu zaidi. Niliisikiliza kwa utulivu, nyimbo zilezile, na sikusikia tofauti yoyote. Spika zenyewe huongeza uchafu mwingi kuliko huo. Pesa hiyo niliiweka kwenye spika.

Je, wati 45 zinatosha? Spika zangu zinatoa desibeli 88 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa wati 1, kwa umbali wa mita 1. Kila ukizidisha wati mara mbili unapata desibeli 3 tu, kwa hiyo kutoka 50 kwenda 100 ni ongezeko dogo sana sikioni. Muziki wa kawaida sebuleni hata wati 1 haufiki. Ila pigo la ngoma linaweza kuruka desibeli 20 juu ya wastani, na hizo ni wati mara 100. Ukisikiliza kwa wati 0.4, pigo hilo linataka 40 papo hapo. Hapo ndipo amplifaya hii imenifurahisha: ngoma inapiga, inakata, sauti ya mwimbaji haitikisiki.

Kasoro ninazo. Inapata joto, nimelazimika kuitoa kabatini ipumue. Rimoti yake ni nyepesi na vitufe vimebanana. Haina bluetooth, natumia waya. Kwenye sauti ya chini kabisa usiku, nikisogeza sikio karibu na twita, nasikia mvumo mwembamba. Nikiketi kwenye kochi hausikiki. Twita mpya ya kushoto bado nzima, na ile sherehe tumeshairudia mara mbili.