Monita ya 4K kwa Kompyuta ya Gemu: Anza na Matundu ya Nyuma

Malalamiko ninayoletewa na vijana wanaounda kompyuta za gemu hapa Dar es Salaam yanafanana mno. Mtu amedunduliza hadi akapata kadi ya grafiki ya GeForce RTX 4080 au 4090, amekwenda Kariakoo akanunua monita ambayo boksi lake limeandikwa 4K na 144 Hz (yaani picha 144 kwa sekunde), amefika nyumbani akachomeka kebo ya HDMI aliyopewa, na gemu linakwama kwenye 60 Hz. Hudhani kadi ni mbovu, na wengine hufuta Windows nzima na kuiweka upya. Mara nyingi kadi haina kosa lolote. Kosa liko kwenye tundu la monita au kwenye kebo, mahali ambapo muuzaji hakumwonyesha na ambapo karibu kila mwongozo wa kununua unapapita haraka.

Kwa sababu hiyo sitatumia nafasi kueleza aina za rangi, umbo la miguu au taa za mapambo. Nitakaa kwenye njia ambayo picha hupita kutoka kwenye kadi hadi kwenye skrini.

Skrini ya 4K ina pikseli 3840 kwa 2160, yaani 8,294,400, ambazo ni mara nne ya zile za 1080p. Kila pikseli kwa kawaida hubeba biti 24 za rangi, hivyo picha moja tu ni takriban megabiti 199. Ukizihitaji picha 60 kwa sekunde, unapitisha karibu gigabiti 12 kila sekunde, na HDMI 2.0, yenye nafasi ya gigabiti 14.4 za data halisi, inaumudu mzigo huo. Ukizihitaji picha 144, mzigo unafika gigabiti 28.7. Hapo HDMI 2.0 imeshindwa kabisa, na hata DisplayPort 1.4, aina nyingine ya tundu la picha, ambayo hupitisha gigabiti 25.9, haifiki bila kuibana picha kwa mbinu iitwayo DSC. HDMI 2.1 iliyokamilika ina gigabiti 48, nayo inatosha.

Njia ikiwa nyembamba, monita huchagua moja kati ya mambo mawili: kupunguza kasi au kupunguza taarifa za rangi. Monita za kwanza za 4K zenye 144 Hz, ASUS PG27UQ na Acer Predator X27 za mwaka 2018, ziliuzwa Marekani kwa karibu dola 2,000, na hata hivyo zilipofikishwa 144 Hz zililazimika kupunguza rangi, kiasi kwamba maandishi madogo ya rangi yalizungukwa na ukungu. Zilikuwa monita za heshima; tatizo lilikuwa njia. Tangu hapo DSC imeenea na imesaidia sana, ingawa kwa baadhi ya kadi za NVIDIA imekuja na kero yake: unapotoka kwenye gemu kwenda kwenye dirisha jingine, skrini inaweza kuwa nyeusi kwa sekunde kadhaa kabla ya kurudi.

Sasa jambo linaloniudhi kuliko yote. Tangu mwaka 2021 wasimamizi wa HDMI wameruhusu jina HDMI 2.1 litumike hata kwenye tundu lenye uwezo uleule wa 2.0, kwa kuwa karibu kila sifa ya 2.1 imefanywa kuwa ya hiari. Kwa hiyo maneno hayo kwenye boksi, yakiwa peke yake, hayakuthibitishii chochote. Tafuta kwenye ukurasa wa mtengenezaji sentensi inayosema ni Hz ngapi zinapatikana katika 4K kupitia HDMI, au namba ya gigabiti ya tundu hilo. Mtengenezaji asiyeiandika namba hiyo asipewe fedha zako.

Dukani, omba monita iwashwe na igeuzwe. Soma maandishi yaliyo kando ya kila tundu, kisha fungua mipangilio ya skrini ya kina ndani ya Windows uone orodha ya Hz. Usiridhike iwapo duka limechomeka laptopu ya zamani, kwa sababu laptopu hiyo huenda yenyewe haivuki 60 Hz na jaribio litakuwa halina maana. Ukiweza, beba mashine yako. Kisha andika maneno membamba kwa rangi nyekundu juu ya weusi mtupu. Kingo za herufi zikionekana kuyeyuka na kuingiliana, rangi imepunguzwa njiani. Kuhusu kebo, ya HDMI iwe na kibandiko cha Ultra High Speed chenye msimbo unaoweza kuskaniwa kwa simu.

Kwa kipimo hicho, chaguo langu la kwanza ni Gigabyte AORUS FO32U2P, na sifichi kwamba Gigabyte ndiyo kampuni ninayoipendelea katika jambo hili. Ni OLED, yaani skrini ambayo kila pikseli hujitolea mwanga wake, ya karibu inchi 32, yenye 240 Hz, na ilikuwa miongoni mwa monita za kwanza kuja na DisplayPort 2.1 ya gigabiti 80. Mwenye kadi ya RTX 5090 anaweza kuipata 4K kwa 240 Hz bila picha kubanwa hata kidogo. Angalia sana herufi P ya mwisho. Ipo FO32U2 isiyo na P, inayofanana nayo kwa sura, lakini DisplayPort yake ni 1.4.

Ya pili ni Alienware AW3225QF ya Dell, iliyozinduliwa Januari 2024 kwa dola 1,200. DisplayPort yake ni 1.4, ila HDMI 2.1 yake ni ya kweli, na dhamana ya miaka 3 inagusa hata alama za kudumu zinazoweza kubaki kwenye skrini za OLED. Izingatiwe kwamba skrini hizi mbili hupoteza weusi wake chumba kikiwa na mwanga mwingi. Sebule yenye madirisha mapana yasiyo na pazia haizifai.

Kwa chumba kama hicho, Samsung Odyssey Neo G7 ya inchi 32 ina mwanga mkali na 165 Hz, ingawa imepinda mno kwa anayefanya pia kazi za uchoraji. Gigabyte M28U na M32U, zenye 144 Hz, ndizo ningewaelekeza wengi ambao bajeti haifiki OLED.

Nyingi za bei ya chini zina 60 Hz na zinafaa kazi za ofisi. Jihadhari tu na zile zinazosemwa "zinapokea 4K" huku pikseli zake halisi ni 1920 kwa 1080.

Kuhusu bei, VAT ya 18% hakuna anayeipinga, na usafiri kutoka Dubai una gharama. Lakini nimeuziwa boksi lililokwisha funguliwa katika duka moja, kebo ya kiwandani ikiwa imetolewa, kisha nikaambiwa kebo ni bei ya pembeni, na niliyoletewa ilikuwa nyepesi isiyo na alama yoyote. Risiti ya duka hilo ilikuwa na yale maneno tunayoyajua sote, kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi kuhusu sifa za bidhaa, na maneno yaliyopigwa chapa chini ya risiti hayaifuti sheria hiyo. Ili uweze kudai haki yako mbele ya Tume ya Ushindani, hakikisha risiti ina jina la modeli kwa ukamilifu, hadi herufi ya mwisho, pamoja na kasi uliyoahidiwa katika 4K na tundu itakapopatikana. Muuzaji akikataa kuyaandika hayo, nenda duka la jirani.