Pesa za mkupuo kwa simu: uzoefu wetu Kinango, kwa jicho la wakala wa Mikindani

Nina kibanda cha M-Pesa hapa Mikindani, Mombasa, karibu na steji. Kwa hiyo mambo ya pesa za simu sihadithiwi, nayaona kutwa. Ila uzoefu ninaouandika leo ni wa nyumbani kwetu upande wa Kinango, kaunti ya Kwale. Mwaka 2023 shirika moja la misaada liliwatumia watu wa kijiji chetu pesa kwa simu, bila mkopo, bila riba, bila sharti la kununua hiki au kile. Wateja wangu wenye wazee huko ndani wananiuliza kama ni kweli na kama zinasaidia. Ni kweli, na zinasaidia. Nazipa nyota nne kati ya tano, na ile moja niliyoinyima nitaifikia.

Nyumba yetu iko hivi: baba ana wake wawili, boma moja, majiko mawili. Ukame ule wa misimu mitano mfululizo, kuanzia vuli ya 2020 mpaka mwisho wa 2022, ulitumalizia ng'ombe. Waliosalia wakauzwa Mariakani kwa bei ya kutupa, maana kila mtu alikuwa anauza na hakuna aliyekuwa ananunua. Baba akaingia kwenye kuchoma makaa kama wenzake. Mimi ndiye nikawa shamba. Kila mwisho wa mwezi natuma, elfu mbili hapa, elfu na mia tano pale, na zote zinaishia kwenye unga. Ukizijumlisha ni pesa nyingi, lakini ukienda nyumbani huoni hata kuku mmoja wa kuonyesha kwamba zilipita pale. Simlaumu mtu. Elfu mbili ikiingia kwenye nyumba yenye njaa haina kazi nyingine ya kufanya.

Hao watu wa shirika walianzia barazani kwa chifu, wakaeleza. Kisha wakapita nyumba kwa nyumba wakiandika majina. Baadaye wakaja wengine, sura tofauti kabisa, kuhakiki kwamba nyumba ipo na wenyewe ndio hao. Kila mke aliandikwa na nyumba yake. Pesa zilikuja kwa mafungu mawili, jumla zaidi ya laki moja kila nyumba, na katikati walikuwa wakipiga simu kuuliza kama zimefika na kama kuna mtu amewadai chochote. Hilo swali la pili halikuwa la bure. Kulikuwa na bwana mmoja akizunguka na kudai kwamba yeye ndiye aliyefanya majina yakaingia, kwa hiyo apewe chai. Mama mkubwa, yule mke mwenza wa mama, alimsikiliza mpaka akamaliza, kisha akamwambia chai iko jikoni ila sukari hakuna.

Wasiwasi ulikuwepo. Wengine walisema ni pesa za majini, leo unapewa, kesho unatoa mtoto. Wala si Pwani peke yake. GiveDirectly, shirika ambalo jina lake ndilo kubwa nchini katika mambo haya ya kuwapa watu pesa mkononi, lilipoingia Homa Bay mwaka 2015 lilikuta karibu nusu ya watu wanakataa, kwa uvumi wa namna hiyo hiyo. Kwetu waliokataa walikuwa wachache, na mzee mmoja kati yao alibadili msimamo alipoona jirani amepaua nyumba na bado anapumua.

Kilichotutoa jasho ni laini. Simu ya mama ilikuwa imesajiliwa kwa kitambulisho cha kaka yangu tangu zamani, kama ilivyo kwa wazee wengi. Jina la kwenye laini na jina la kwenye daftari la shirika hayakulingana, basi jina lake likawekwa kando mpaka asajili laini yake mwenyewe. Ikabidi ashuke Mariakani na kitambulisho, apange foleni, arudi jioni. Kama una mzazi kijijini, hili lifanye hata kabla shirika lolote halijaja. Mimi hapa kibandani kila siku narudisha watu kwa sababu hiyo hiyo.

Sasa, pesa zilifanya nini?

Fungu la kwanza mama na mama mkubwa walilitumia kwa njia ambayo mimi, kusema kweli, nisingeibuni. Hawa wameishi boma moja miaka mingi kwa adabu, lakini si kwa ushirika. Kila mmoja alinunua mabati yake, geji 30, kwa sababu ya geji 32 ni mepesi, upepo wa kwetu unayakunja. Halafu wakachanga nusu kwa nusu wakanunua tangi moja la lita 5,000, likawekwa katikati ya nyumba mbili, na gata zikaelekezwa humo kutoka pande zote. Paa la nyasi halivuni maji ya kunywa, lazima uwe na bati kwanza. Na nyasi zenyewe ni gharama, kila baada ya muda zinaoza, unatafuta nyingine na fundi mwingine. Mvua za El Niño za mwisho wa 2023 zilipoanza, tangi lilijaa mapema sana, likawa linamwaga juu. Zamani wangekuwa njiani kwenda silanga, yaani bwawa la maji ya mvua, na mitungi, wakirudi na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Bomba la tangi lina kufuli, na kufuli lina funguo mbili. Mmoja ameufunga kwenye pindo la leso, mwingine ameutundika kwenye msumari nyuma ya mlango. Watoto wa jirani wanapewa mtungi mmoja bure, wa pili unalipiwa.

Baba hakuandikwa, na hilo lilimuuma ingawa hatasema. Wake zake walimtolea pesa za mbuzi. Akaenda soko la mifugo Mariakani na kuzunguka kutwa nzima, anafungua kinywa cha mbuzi kuangalia meno, anapapasa kiwele, anamuuliza muuzaji kwa nini anauza. Akarudi na majike matupu, karibu yote yana mimba. Ndama wa ng'ombe hakumtaka hata kumsikia. Alisema ng'ombe akifa umepoteza benki, mbuzi akifa umepoteza tawi. Makaa hajaacha kabisa, anachoma mara moja moja karo ya mdogo wangu ikibana. Lakini yale ya kuamkia msituni kila siku yamekwisha.

Fungu la pili mama alifungulia genge, ambalo sasa limekuwa duka: unga, sukari, mafuta ya kupima, sabuni ya mche, kiberiti, majani. Ananunua kwa jumla Mariakani, anapakia kwenye boda. Kilichonishangaza ni daftari lake la madeni. Majina ya ndugu hayamo. Wifi yangu alikuja kuchukua sukari ya deni akaambiwa deni ni la wageni, ndugu wananunua.

Halafu ikaja simu moja mwisho wa mwezi. "Mwanangu, mwezi huu usitume. Wanunulie watoto viatu." Nilidhani anaumwa. Nikampigia kaka kuhakikisha.

Watu huniambia, ala, si ungekopa wewe ukawapa hiyo laki? Ningekopa nani? Mikopo mingi ya simu inarudishwa ndani ya mwezi, na mbuzi hazai kwa ratiba ya benki. Ndiyo maana naona jambo kubwa hapa ni kupata kiasi cha maana kwa wakati mmoja, kisichodaiwa. Shirika la GiveDirectly limekuwa likipima jambo hili huko Siaya na Bomet. Kuna vijiji ambako kila mtu mzima hupewa shilingi 2,250 kwa mwezi na kuahidiwa miaka 12, vingine mwezi kwa mwezi miaka miwili tu, na vingine wakapewa jumla ya ile miaka miwili kwa mkupuo. Matokeo yaliyotolewa 2023 yalionyesha waliopewa mkupuo walianzisha biashara zaidi kuliko wale wa miaka miwili ya kidogo kidogo. Wale wa miaka 12 nao walifanya vizuri, na wengi walikuwa wakiweka pesa zao kwenye chama, wanazungushiana, ili kila mmoja apate mkupuo wake zamu ikifika. Hilo silihitaji mtafiti kunieleza. Siku ya chama cha akina mama wa hapa Mikindani, floti yangu, ile pesa ninayofanyia kazi kibandani, inajua.

Bibi yangu, ambaye amepita miaka 70, yuko kwenye Inua Jamii ya serikali, 2,000 kwa mwezi. Nazishukuru, zinamnunulia dawa na sukari na zinampa heshima ya kuwa na chake. Ila ni kazi nyingine kabisa. Huwezi kuzitarajia zipaue nyumba.

Na pombe? Kila mtu anauliza pombe. Kijijini kwetu yupo mmoja aliyesherehekea kwa mnazi mpaka watu wakachoka naye, na tunamjua kwa jina kwa sababu ni yeye peke yake, na kabla ya hapo alikuwa akinywa vile vile kwa pesa za wengine. Utafiti wa mwanzo wa pesa za GiveDirectly huko Siaya haukukuta matumizi ya pombe na tumbaku yakipanda. Mwingine wa kwetu alinunua pikipiki kuukuu isiyo na karatasi, ikakamatwa. Huyo ndiye ninayemhurumia.

Jambo moja ambalo wakala analiona haraka kuliko mtu mwingine ni jinsi pesa zinavyozunguka. Yule wakala wa karibu na kwetu zamani alikuwa akifunga adhuhuri kwa kukosa wateja. Baada ya pesa kuingia, mafundi wa kupaua wakawa hawashikiki, mafundi wakanunua kwa mama, mama akamlipa mtu wa boda, mtu wa boda akanunua mbuzi. Watafiti walifanya hesabu hiyo Siaya kati ya 2014 na 2017, katika vijiji 653, ambako zaidi ya kaya 10,500 zilipewa kama dola 1,000 kila moja. Wakakuta kila dola iliyoingia ilikuza uchumi wa pale kwa kama dola mbili na nusu, na bei za vitu zilipanda kwa kiasi kidogo mno. Majirani ambao hawakupewa nao walinufaika.

Sasa ile nyota. Kijiji cha ng'ambo ya barabara hakikuchaguliwa. Ukame ni ule ule, njaa ni ile ile, ng'ombe walikufa pamoja, na shangazi yangu ameolewa kule. Kuna msiba tulikwenda, watu wa kule walitupokea kama tumetoka kuiba. Najua pesa haziwezi kumfikia kila mtu, lakini walipaswa kueleza barazani, kwa vijiji vyote viwili, kwa nini huyu na si yule. Waliondoka, maneno wakatuachia sisi.

Kero nyingine ni mawakala, na hapa nawasema wenzangu. Siku pesa zinaingia, noti za mawakala wa kijijini zinaisha asubuhi. Na wapo wanaomtoza mzee kitu cha juu, eti cha usumbufu, wakati ada ya kutoa inakatwa na simu yenyewe na wakala haruhusiwi kuongeza hata shilingi. Nilimwambia mama asitoe zote. Duka la vifaa vya ujenzi linapokea Lipa na M-Pesa, basi lilipwe moja kwa moja, noti zisipite mkononi wala njiani. Wakora nao walinusa. Simu zikaanza: pesa zimekujia kwa makosa, zirudishe, tupe namba ya siri tukuhakikishie. Nilimkataza mama kutaja namba ya siri kwa mtu yeyote, hata mimi. Siku moja nilimjaribu kwa kumuuliza, akanikatia simu.

Na yapo ambayo laki haiwezi kuyafanya. Zahanati bado ni mbali. Mbuzi wakiugua, daktari wa mifugo anatafutwa kwa siku. El Niño ile ile iliyojaza tangi iliikata barabara, duka la mama likakaa bila unga mpaka magari yalipopita tena. Hayo ni ya serikali, na kaya kupewa pesa kusiwe kisingizio cha kuyaacha.

Mkisikia kijiji chenu kinaandikwa, hakikisheni laini na kitambulisho vina jina moja, waulizeni wazee wanataka kununua nini kabla hamjawapangia, na siku pesa zinapoingia, wewe wa mjini kaa mbali na simu. Mjomba wetu wa Changamwe alipiga kukopa kabla mama mkubwa hajamaliza kusomewa meseji.