Protini bila nyama wala maziwa: gunia lipi la kuanzia sokoni

Mtu mzima mwenye kilo 60 anahitaji gramu 48 hivi za protini kwa siku, kwa kipimo cha gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake, na asiyekula nyama, samaki, mayai wala maziwa atazipata kwa sehemu kubwa katika nafaka na jamii ya kunde. Nimezipanga hapa kwa kuhesabu bei ya kilo pamoja na mkaa wa kuiivisha, ambao wanunuzi wengi huusahau.

Nafasi ya kwanza naipa choroko. Gramu 100 za choroko kavu zina gramu 24 hivi za protini, hazidai kulowekwa usiku kucha, na kwa kawaida huiva ndani ya saa moja.

Maharage yanafuata kwa karibu, yakiwa na gramu 22 hivi, ila yaliyokaa ghalani muda mrefu huchemka hadi mkaa ukaisha nayo bado magumu. Usiridhike na yale ya juu ya gunia, ambayo huenda yamepepetwa vizuri. Ingiza mkono mpaka kwenye kiwiko, utoe konzi moja kutoka chini na kuitazama kiganjani, kwani vitundu vidogo vya mviringo na vumbi la unga linalobaki vidoleni huonyesha kuwa yamebunguliwa. Nyumbani yaloweke, umwage maji hayo, kisha uyachemshe kwa moto mkali, kwa kuwa maharage mabichi, hasa mekundu, yana sumu isiyoondoka kwa moto mdogo. Kunde na mbaazi hazipishani sana nayo kwa protini; nunua iliyo rahisi msimu huo.

Kwa protini peke yake soya ingeongoza, maana ina gramu 36 hivi, lakini huchelewa kuiva. Anayenunua unga wake wa uji aulize kwanza kama soya ilikaangwa kabla ya kusagwa, kwa sababu soya mbichi huzuia mwili kusaga protini.

Karanga zina gramu 26, lakini karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, kwa hiyo mimi huzihesabu kuwa za kuungia mchicha. Zinunue nzima, uzichambue mwenyewe na kutupa zilizosinyaa au zenye ukungu, kwa kuwa sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiishi kwa kukaangwa. Zilizokwisha kusagwa huwezi kujua zilikuwaje.

Kopo la unga wa protini nimeliweka mwisho. Mahindi yana upungufu wa laisini, mojawapo ya vijenzi vya protini, ambayo maharage yanayo kwa wingi, kwa hiyo sahani ya makande hufanya kazi ya kopo hilo kwa bei ndogo zaidi. Fedha ya kopo ni heri inunue vidonge vya vitamini B12, ambayo haimo katika gunia lolote kati ya haya.